Jioni Moja na Wiki Tisa: Kisa cha Programu ya Kituo cha Maziwa Rungwe

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, upande wa Tukuyu, ambacho kiliniomba nikitengenezee programu ya simu ya kuandikia maziwa yanayopokelewa kituoni na kukokotoa malipo ya kila mwanachama mwisho wa mwezi. Kazi yangu ni kutengeneza programu, na ninaishi Mbeya mjini. Jioni ya siku niliyotoka kuonana nao kwa mara ya kwanza niliketi na zana ya akili unde, nikaieleza yote niliyoyasikia kituoni, na kabla sijalala nilikuwa na programu yenye ukurasa wa kupokelea maziwa, orodha ya wanachama, bei, makato na hesabu ya mwisho wa mwezi. Kesho yake niliwaonyesha viongozi kwenye simu yangu. Wakafurahi, nami nikafurahi. Programu waliyoanza kuitumia kwa malipo halisi ilikuwa tayari wiki tisa baadaye, na katikati ya muda huo mwenyekiti aliniuliza mbele ya kamati: "Kama kazi ilikwisha jioni moja, wiki zote hizi tunalipia nini?" Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa fedha zilikuwa za wafugaji, na siku ile sikulijibu ipasavyo. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Anayeijua Rungwe anajua kwamba ni nchi ya mvua nyingi na vilima vilivyokatwa na mito, ambako migomba, chai, parachichi na majani ya mifugo hugombea kipande kilekile cha shamba. Ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani, hukatiwa majani, na hukamuliwa alfajiri na jioni. Maziwa hubebwa kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda hadi kituoni, ambako karani huyapima kwa laktomita ili kujua kama yameongezwa maji, huyajaribu kwa spiriti ili kujua kama yameanza kuharibika, kisha huyapima kiasi chake na kuandika kwenye daftari na kwenye kadi ya mfugaji. Mwisho wa mwezi katibu, mama mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, hukaa na daftari na kikokotoo kwa siku tatu au nne, ndipo watu walipwe.

Niseme kwanza kile ambacho zana ilikifanya vizuri, kwa sababu sitaki kisa hiki kisomwe kama lawama dhidi ya akili unde. Kabla ya ChatGPT, zana ya akili unde inayojibu na kuandika kwa maneno ya kawaida, kufunguliwa kwa umma Novemba 2022, nilichokipata jioni ile kingenichukua wiki mbili au tatu za kuchapa, kutafuta koma iliyopotea na kupanga vitufe kwenye skrini. Kazi hiyo kwa kweli imepungua, na sioni sababu ya kuilipisha kama zamani. Lakini mwaka 1986 Frederick Brooks, Mmarekani aliyeongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika kwamba ugumu wa programu ni wa aina mbili: ule unaotokana na zana na lugha tunazozitumia, na ule ulio ndani ya jambo lenyewe tunalotaka kuliandikia programu. Zana mpya hupunguza ugumu wa kwanza. Ule wa pili, kule Rungwe, ulianzia kwenye neno moja tu, nalo ni "lita".

Daftari la kituo lilikuwa na safu iliyoandikwa "Lita". Niliinakili kama ilivyo, na zana ikajenga kila kitu juu ya neno hilo. Ilikuwa siku ya tatu ya kukaa kituoni nilipotambua kwamba karani hapimi lita. Ndoo hutundikwa kwenye mizani, uzito wa ndoo hutolewa, na kilo zinazobaki ndizo zinazoandikwa kama lita. Lita moja ya maziwa mabichi ina uzito wa takriban kilo 1.03. Tofauti hiyo haionekani kwenye ndoo moja, lakini mfugaji anayeleta kilo 20 kwa siku alikuwa akiandikiwa "lita" 600 kwa mwezi wa siku 30, ilhali maziwa yake halisi ni kama lita 582 na nusu. Mnunuzi, ambaye tangi lake limepimwa kwa lita, alikuwa akilipia hizo 582 na nusu. Kikundi kilikuwa kimeuita mwanya huo "upungufu wa njiani", kikaufidia kwa makato madogo ya kila mwezi, na, jambo lililonisikitisha kuliko yote katika kazi hii, baadhi ya wanachama walikuwa wamemshuku kijana anayesafirisha maziwa.

Kurekebisha msimbo, yaani maandishi yanayoiambia programu cha kufanya, kungechukua dakika chache, kwa maana ni kugawanya kwa 1.03. Hata hivyo mtengenezaji wa programu hana mamlaka ya kugawanya. Kama ningegawanya kimyakimya, kila mfugaji angeona maziwa yake yamepungua siku ileile simu ilipochukua nafasi ya daftari, na angeamini kwamba simu inamwibia, na sidhani kama kuna maelezo ya kitaalamu ambayo yangemrudisha. Jambo lilipelekwa kwenye kikao cha wanachama, likakaliwa Jumamosi tatu mfululizo. Siku ya kwanza hawakuniamini, na ilibidi tumimine maziwa kwenye chombo kilichopimwa lita na kuyaweka mizanini mbele ya watu. Jumamosi ya pili walibishana nani abebe tofauti. Ya tatu waliamua kwamba mfugaji ataendelea kupimiwa kilo, bei itatangazwa kwa kilo baada ya kukokotolewa kutoka bei ya lita ya mnunuzi, neno "Lita" litafutwa kwenye daftari na kwenye kadi, na makato ya upungufu yatakoma. Kijana wa usafiri aliombwa radhi palepale. Ukiufungua msimbo leo, Jumamosi hizo tatu zimo katika mstari mmoja, na mtu anayehesabu mistari hawezi kujua kwamba mstari huo ulikuwa ghali kuliko kurasa zote za jioni ya kwanza zikiwekwa pamoja.

Kasoro ya pili ilihusu saa, na niliikuta kwa bahati. Asubuhi watu wanapokuwa wengi karani huandika kwenye karatasi, kisha huingiza kwenye simu foleni ikishapungua, akitaja muda ambao maziwa yalipokelewa. Kwa saa moja asubuhi aliingiza 1:00, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Programu ikaisoma kuwa saa saba usiku. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza taarifa za programu, nayo huhifadhi muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo maziwa ya asubuhi ya tarehe 1 yakahifadhiwa kuwa ya saa nne usiku, siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, ndani ya hesabu iliyokwisha kufungwa na kulipwa. Yangepotea huko bila mtu kujua. Yale ya saa kumi na mbili alfajiri, yaliyoingizwa 12:00, yalihesabiwa kuwa ya adhuhuri na kuwekwa kwenye zamu ya jioni. Kila hatua peke yake ilikuwa sahihi kiufundi, na hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini. Niliondoa saa kabisa, nikaweka tarehe ya kalenda na vitufe viwili, Asubuhi na Jioni, ambavyo ndivyo karani alivyokuwa akifikiri tangu mwanzo.

Sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote ni makato, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi iliyofichika haikuwa yangu peke yangu, wala huenda haikuwa yangu kwa sehemu kubwa.

Wanachama huchukua pumba, dawa za minyoo, dawa za kupe na huduma ya uhimilishaji (kumpandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume) kwa mkopo, na deni hukatwa kwenye maziwa. Programu ya jioni ya kwanza ilichukua thamani ya maziwa, ikatoa deni, ikatoa jibu. Tulipoijaribu kwa mwezi uliopita, ilimpa mwanamke mmoja malipo ya hasi shilingi 18,400. Katibu aliitazama simu kwa muda.

"Mwanangu, huyu umemwandikia nini?"

"Mama, ndivyo hesabu inavyotoka. Deni lake la pumba limezidi maziwa yake."

"Hesabu inasema hivyo. Sisi hatusemi hivyo."

Akaniambia kwamba kituoni hakuna mtu anayeondoka dirishani mikono mitupu. Makato ya mwezi hayazidi nusu ya thamani ya maziwa, na kinachobaki husogezwa mbele. Ng'ombe akiwa amekaushwa anasubiri kuzaa, deni husubiri naye. Uhimilishaji haukatwi mpaka ng'ombe athibitike kuwa ana mimba. Mwenye msiba hakatwi mwezi huo. Na nusu ile isipotosha kulipa madeni yote, duka la pembejeo hulipwa kwanza, kwa sababu likigoma kukopesha wataumia wote, na fungu la kikundi chenyewe husubiri mwisho. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa limeandikwa kwenye katiba ya kikundi au kwenye daftari, isipokuwa nukta ndogo za penseli kando ya baadhi ya majina, ambazo mimi nilikuwa nimezichukulia kuwa uchafu wa karatasi.

Niliirudia zana na kuitaka, badala ya kuandika, iniulize maswali. Iliuliza maswali mengi mazuri, kuhusu kukadiria senti, kuhusu bei kubadilika katikati ya mwezi, kuhusu mwanachama anayejitoa akiwa na deni, na mawili kati ya hayo yalituokoa baadaye. Haikuuliza kuhusu msiba, na siwezi kuilaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na maisha ya kikundi kile yalikuwa kwenye kichwa cha mama mmoja na kwenye nukta zake za penseli.

Tulikaa alasiri kumi na moja. Nilisoma mwezi mmoja baada ya mwingine, jina kwa jina, na kila malipo ambayo programu haikuweza kuyafikia nilimwuliza sababu yake. Alasiri ya saba nilimwonyesha wanachama wawili wenye hali inayofanana, ambao mmoja alikatwa nusu na mwingine alikatwa robo tu. Niliuliza kwa nia ya kujua kanuni. Yeye alisikia swali la mkaguzi. Alinyamaza, akafunga daftari, akasema tuendelee kesho. Nilirudi Mbeya jioni hiyo nikijua kwamba nimemfanya mtu mwaminifu ajione anashukiwa, na kwamba hilo nalo ni sehemu ya kazi ambayo hakuna zana inayoibeba kwa niaba yako. Kesho yake alikuja na jibu. Mwezi wa yule aliyekatwa robo, mnunuzi alikuwa ameshusha bei, na yeye alikuwa amepunguza makato ya watu wote wenye maziwa kidogo. Alikuwa ameifuata kanuni hiyo kwa miaka bila kuitambua kuwa ni kanuni, na alilazimika kuutafuta usiku kucha uamuzi wake mwenyewe. Kanuni hiyo iliongeza mistari minne kwenye msimbo.

Mambo mengine niyataje kwa ufupi. Majina yalitusumbua, kwa kuwa akina mama wengi wameandikwa kwa majina ya watoto wao, na kila aliyeandikwa Mama Atupele ilibidi apewe namba na kuulizwa maziwa yake yanalipwa kwa simu ya nani, swali ambalo katika baadhi ya nyumba si jepesi. Mtandao ulisumbua pia. Kwenye meza yangu mjini programu ilituma kila kitu mara moja, lakini bondeni simu ilituma, ikakosa jibu, ikatuma tena, na ndoo moja ikawa mbili. Ilibidi kila ingizo lipewe namba yake ya pekee likizaliwa ndani ya simu, ili seva ikiliona mara ya pili ilikatae.

Majaribio yanahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu hapo nilikosea mimi. Niliiomba zana iandike majaribio ya kuhakiki hesabu, ikaandika mengi, yote yakapita, nami nikalala salama kwa siku mbili. Majaribio hayo yalikuwa yametungwa kutokana na uelewa uleule uliotunga msimbo, kama mtahiniwa anayejitungia mtihani na kuusahihisha mwenyewe. Yalithibitisha kwamba hesabu inatoa deni kwenye maziwa, na hakuna aliyekuwa na shaka na hilo. Majaribio ya kweli yalikuwa daftari: miezi sita ya nyuma, kila mwanachama, kila malipo, na programu ilipaswa kufika kwenye shilingi ileile aliyoilipa katibu au mmoja wetu aeleze kwa nini haikufika. Mwanzoni wengi hawakulingana. Mwishoni walibaki wachache ambao kikokotoo cha katibu ndicho kilichokuwa kimeteleza, na aliomba orodha yao, akaipeleka kwenye kamati mwenyewe, wakalipwa pungufu zao.

Usalama haukutajwa na mtu yeyote kwenye kikundi, na kwa hiyo ulikuwa umefichika kuliko yote. Katika programu ya kwanza, mwanachama aliyeingia kuona maziwa yake angeweza kubadilisha namba moja kwenye anwani ya ukurasa na kuona maziwa, deni na namba ya simu ya jirani yake. Kasoro za aina hiyo, za mfumo kumruhusu mtu kufikia kisicho chake, ndizo ambazo OWASP, taasisi ya kimataifa inayofuatilia usalama wa programu, iliziweka nafasi ya kwanza katika orodha yake ya mwaka 2021. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kikundi cha wafugaji kinachokusanya majina, namba za simu na madeni ya watu hakiwezi kujiona kiko nje ya sheria hiyo kwa sababu tu kituo chake kina paa la bati na meza moja. Nilitumia siku nne kupitia kila mlango wa programu na kuuliza ni nani anaruhusiwa kuupita. Zana ilinisaidia kuifunga milango hiyo haraka, ila ilikuwa lazima kwanza mtu ajue kwamba iko wazi.

Kisha ulifuata mwezi mzima wa kuandika mara mbili, kwenye simu na kwenye daftari. Karani ndiye aliyebeba mzigo huo, akiwa na foleni mbele yake na mvua juu ya paa, na kila jioni katibu alilinganisha pande zote mbili. Mkataba wetu uliuita mwezi huo "kipindi cha majaribio" na haukuutengea shilingi hata moja.

Hapo ndipo ninapoliona kosa kubwa la kisa hiki, na ni la mkataba, ambao niliuandika mimi. Ulihesabu kurasa za programu: ukurasa wa kupokelea kiasi hiki, ripoti kiasi kile. Zamani hesabu hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa kurasa ndizo zilizokula muda na kazi nyingine ilijificha chini ya bei yake. Akili unde imezifanya kurasa kuwa rahisi karibu ya bure, na iliyobaki ni ile kazi nyingine, ikiwa haina jina wala bei. Mwenyekiti alitazama kurasa na kuona zimekwisha, na kwa mkataba ule alikuwa sahihi. Katibu alitoa alasiri kumi na moja na jioni za mwezi mzima, bila malipo, akiwa ndiye mtu pekee ambaye programu isingewezekana bila yeye. Mimi nililipwa angalau.

Nilipokwenda kwenye kamati kuomba tuuandike upya mkataba kwa ajili ya matengenezo na kituo cha pili, sikuongelea akili unde. Niliweka mezani karatasi ya kanuni ishirini na tatu tulizozitoa kwenye daftari, nikaomba kila mjumbe asome na kuonyesha ile anayodhani ingejulikana bila kumwuliza katibu. Walizisoma kwa muda mrefu. Mkataba mpya una vifungu vya siku za kukaa kituoni, siku za kulinganisha na daftari, siku za ulinzi wa taarifa, posho ya karani kwa mwezi wa kuandika mara mbili, na malipo ya siku ya katibu, sawa na yangu. Kifungu hicho cha mwisho kilipingwa na wajumbe wawili waliosema kwamba mama ni wa nyumbani na tayari ana posho yake. Mwenyekiti ndiye aliyekitetea.

Kanuni ya ishirini na tatu ni ile ya msiba. Zana ilipendekeza mara kadhaa kwamba anayesimamisha makato alazimike kuandika sababu, na kwa mtazamo wa uhasibu pendekezo hilo lina maana. Katibu alikataa. Alisema sababu nyingine ni za ndani ya nyumba za watu, na kwamba mtu akijua itaandikwa kwenye simu hatakuja kuisema. Tulikubaliana kwamba kitufe kitaitwa "Subiri", kitabonyezwa na watu wawili, katibu na mwenyekiti, kila mmoja kwa neno lake la siri, na hakutakuwa na nafasi ya kuandika sababu. Kamati ilipitisha hivyo, nami nikakiweka kando ya jina la mwanachama, mahali ilipokuwa nukta ya penseli.